Kiwambo Hakijui Kiingereza

Wako wenzetu katika vyuo vikuu, na wengine si haba katika afisi za serikali, ambao wakiambiwa kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia uhandisi wa vyombo vya kielektroniki hutabasamu kwa huruma, kana kwamba wamemsikia mtoto akiahidi kununua ndege. Kauli yao ni moja: kompyuta ilizaliwa ughaibuni, lugha yake ni Kiingereza, na anayetaka kuijua hana budi kuifuata huko huko iliko. Mimi ni mwanaisimu wala si mhandisi. Hata hivyo, mambo niliyoyaona na kuyasikia katika mtaa wa Makongeni, mjini Thika, yamenishawishi kwamba kauli hiyo haina mashiko, na zaidi ya hayo inawanyima vijana wetu riziki.

Naizungumzia Makongeni ya Thika, ile iliyo upande wa barabara iendayo Garissa, wala si ile ya Nairobi iliyokaliwa na wafanyakazi wa reli. Jina lenyewe latukumbusha makonge, zao ambalo zamani lilitapakaa katika mashamba ya pande hizo. Siku hizi anayepita hapo haoni makonge bali vibanda vya mafundi: wachomeleaji vyuma, maseremala, warekebishaji wa simu na redio, na baina yao kundi la vijana wanaounda mashine za kuangulia vifaranga. Si ajabu kazi hiyo kushamiri hapo, kwa maana Kiambu nzima ni nchi ya wafugaji wa kuku, na mama mwenye kuku thelathini wa kienyeji akitaka kupanua biashara yake hawezi kuwategemea kuku wenyewe waatamie kwa zamu.

Mashine ya namna hiyo, ukiitazama, ni sanduku la mbao lenye taa au waya wa kutoa joto, feni ya kusambaza hewa, chombo cha kupima joto na unyevu, na kompyuta ndogo sana iliyopachikwa ndani yake ili kuamua wakati wa kuwasha na wa kuzima. Yai la kuku hudai joto la nyuzi 37.5 hivi kwa muda wa siku 21. Hugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, kisha huachwa litulie, na unyevu huongezwa ili kifaranga asikaukiwe na utando ndani ya gamba. Joto likizidi kwa nyuzi chache tu kwa saa kadhaa, mayai yote huharibika. Kwa hivyo mwenye mashine anahitaji kusoma, tena kusoma upesi na bila utata, kile kinachoendelea ndani ya sanduku. Hapo ndipo kiwambo kinapoingia, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kiwambo cha rangi ambacho mafundi wengi hukitumia kina nukta 240 kwa upana na 320 kwa urefu. Nyuma ya kioo chake kuna kipande cha silikoni kiitwacho ILI9341, ambacho ndicho kidhibiti. Kidhibiti hiki kina kumbukumbu yake chenyewe ya baiti 172,800, yaani biti 18 kwa kila nukta, na kazi yake ni kuipitia kumbukumbu hiyo mstari baada ya mstari na kuwasha kila nukta kwa rangi iliyoandikwa humo. Kwa maumbile yake kiwambo hiki kimesimama: ni kirefu kuliko kilivyo kipana. Lakini uso wa mashine mara nyingi huwa na nafasi ya kukilaza tu, na fundi akikilaza, maandishi nayo hulala ubavu, na mwenye kuku hulazimika kuinamisha shingo ili asome kama mashine yake ina joto la kutosha.

Kijana mmoja wa hapo alinieleza tatizo hilo kwa maneno ambayo niliyaandika papo hapo katika daftari langu. "Mwalimu," alisema, "hii kitu nimeilaza, lakini maandishi yamebaki yamesimama. Nikiyapindua yanasoma nyuma. Nikiyageuza tena, rangi inakataa." Msomaji asiyejua lolote kuhusu vidhibiti atadhani ni malalamiko ya kawaida ya fundi aliyechoka. Waama, katika sentensi hizo tatu kijana yule alikuwa ametaja, kwa Kiswahili chake, karibu kila kitu kilichomo katika ukurasa husika wa mwongozo wa mtengenezaji, ukurasa ambao ameutazama mara nyingi na hajapata kuuelewa.

Niruhusu msomaji nikueleze ukurasa huo unasema nini, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu yake.

Kidhibiti hupokea amri kwa nambari. Amri inayohusu mgeuko wa picha ni nambari 54, ambayo wahandisi huiandika 36 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Baada ya amri hiyo hufuata baiti moja tu, na ndani ya baiti hiyo biti tatu ndizo zinazotuhusu kwa mgeuko. Ya kwanza, yenye thamani ya 128, huamrisha safu mlalo zihesabiwe kuanzia mwisho badala ya mwanzo. Ya pili, yenye thamani ya 64, hufanya vivyo hivyo kwa safu wima. Ya tatu, 32, hubadilisha nafasi za safu hizo mbili, mlalo ikawa wima na wima ikawa mlalo. Ipo na nyingine, 8, isiyohusu mgeuko bali mpangilio wa rangi nyekundu na samawati. Fundi akiisahau hii, onyo alilokusudia liwe jekundu hutokea la samawati, na ndiyo maana ya kijana yule kusema rangi inakataa.

Katika vibao vingi vya aina hii vinavyouzwa madukani, nambari nne zinazotumiwa ili picha ikae sawasawa katika pande zote nne ni 72, 40, 136 na 232. Vijana wa Makongeni wanazijua nambari hizi kwa moyo, kama watoto wa madrasa walivyohifadhi sura wasizozijua tafsiri. Wamezinakili kutoka kwa mwenzao aliyezinakili kutoka kwa mwingine. Zinapofanya kazi, alhamdulillahi. Zisipofanya, kwa sababu kibao kipya kimeunganishwa tofauti ndani, hujaribu nambari nyingine kwa kubahatisha, na nimemwona mtu akimaliza alasiri nzima hivyo.

Hebu tuzitazame. 72 ni 64 na 8. 40 ni 32 na 8. 136 ni 128 na 8. 232 ni zote pamoja. Ukiiweka kando ile 8 ya rangi, utaona kwamba kila nambari ina amri moja ya mgeuko, au tatu. Hakuna yenye mbili. Kwa nini? Kwa sababu kila moja ya amri hizo tatu, ikiwa peke yake, haizungushi picha hata kidogo. Huiakisi, jinsi kioo kinavyoakisi uso. Ndiyo sababu neno la Kiingereza la gari la wagonjwa huandikwa kinyumenyume mbele ya magari hayo, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa katika kioo chake. Kuakisi mara moja hugeuza herufi zikasoma nyuma, na kuakisi mara mbili hurudisha herufi katika hali yake ila picha ikiwa imezungushwa. Sasa, katika vibao hivi kioo chenyewe kimeunganishwa na kidhibiti kwa namna iliyokwisha kuakisi mara moja kiwandani. Kwa hivyo programu inapaswa kuongeza moja, au tatu, ili jumla iwe mbili au nne.

Mwanafunzi wangu yeyote wa mwaka wa kwanza angelitambua jambo hili bila kuambiwa neno moja la hesabu, maana ndivyo ukanushi unavyofanya kazi katika lugha yetu. "Hakuna asiyejua" ina kanusho mbili, na maana yake ni kwamba wote wanajua. "Si kweli kwamba hakuna asiyejua" ina tatu, na tumerudi kwenye ukanushi. Nilimpa kijana yule mfano huo, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo kile kibao kipya hakijaakisiwa kiwandani?" Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Alihitaji nambari yenye amri mbili, au isiyo na yoyote, na akaipata yeye mwenyewe katika dakika chache.

Sisemi kwamba mimi nilimfundisha uhandisi, la hasha. Yeye ndiye aliyekuwa na ujuzi wote: mikono, vyombo na miaka ya kuhangaika. Alichokosa ni maelezo katika lugha anayofikiria kwayo.

Mafunzo ya ufundi katika taasisi zetu hutolewa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima shuleni. Hata hivyo kijana aliyekisoma kwa miaka kumi na miwili, akaandika insha na kuchambua tamthilia, akifika katika karakana huambiwa akiweke mlangoni kama anavyoweka viatu vyenye matope. Matokeo yake ni mafundi wa aina mbili. Wako wenye vyeti wanaoweza kukariri ufafanuzi wa kidhibiti lakini hawajawahi kukigusa, na wako wa vibandani wanaokigusa kila siku lakini hawawezi kuueleza ufundi wao mbele ya mtahini wala mbele ya mkopeshaji.

Sisi wanaisimu nasi hatuna budi kubeba sehemu yetu ya lawama. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na BAKITA ilipoanzishwa Tanzania mwaka 1967, kazi ya kuunda istilahi haijakoma, na sehemu kubwa yake ni ya kuheshimiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na chuo kikuu hicho hicho ndicho kilichotoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004. Lakini tazama tunayobishania makongamanoni. Wakenya wanasema tarakilishi, Watanzania wanasema kompyuta, na wasomi waheshimiwa wako tayari kununiana kwa ajili ya hilo. Kuna skrini na kuna kiwambo. Mimi napenda kiwambo, kwa sababu latokana na kitenzi wamba, kuivuta ngozi juu ya ngoma, na ni picha nzuri ya kitu kilichotandazwa ili kitoe habari; ila kijana akisema skrini sitamkatiza. Nomino hukopwa kwa urahisi katika lugha zote ulimwenguni. Kazi hufanywa kwa vitenzi, na hivyo ndivyo tulivyovisahau.

Na katika vitenzi Kiswahili hakihitaji kuomba mtu. Kulaza, kusimamisha, kugeuza, kupindua, kuzungusha, kuakisi: kila kimoja kina maana yake na hakuna kinachokaa mahali pa mwenzake. Kulaza ni kuzungusha robo. Kupindua ni kuzungusha nusu, juu ikawa chini. Kuakisi ni kugeuza bila kuzungusha. Tena tunayo kauli ya kutendua, ile ya funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, wamba na wambua, ambayo kwa tendo moja huzaa tendo linaloliondoa. Mwandishi wa programu hulihitaji jambo hilo kila siku, kwa kuwa kila alichokigeuza ili kikaonekane ni lazima ajue jinsi ya kukigeuza kinyume ili akisome. Utando wa mguso uliobandikwa juu ya kiwambo, kwa mfano, una kidhibiti chake tofauti ambacho hakina habari kwamba picha iliyo chini yake imelazwa. Usipougeuza nao, mtu hubonyeza alama ya kuzima, na mashine ikasikia amebonyeza pembe nyingine kabisa.

Viwambo vingine havina hata ile amri ya kubadilisha safu. Kile kidogo cha rangi moja, chenye nukta 128 kwa 64 na kidhibiti kiitwacho SSD1306, kinaweza kuakisi kulia na kushoto, na kuakisi juu na chini, basi. Zote mbili pamoja hukipindua kichwa chini miguu juu, lakini hakilali. Anayetaka kilale ni lazima aibadilishe picha yote mwenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta yake kabla ya kuituma. Si kazi ndogo, kwani kila baiti ya kiwambo hiki hubeba nukta nane zilizosimama wima, na kuzilaza ni kuzihamisha moja moja katika vipande vya nane kwa nane. Picha nzima hula baiti 1,024, ilhali kibao cha Arduino Uno, ambacho ndicho wanafunzi wengi huanza nacho, kina baiti 2,048 tu za kufanyia kazi zote. Nusu ya nyumba imekaliwa na mgeni mmoja. Fundi anayeelewa hilo hununua kiwambo kingine mapema. Asiyeelewa hulalamika kwamba mashine yake inazimika ovyo, na mwenye mayai ndiye hulipa.

Hapa nitaongeza jambo la kiisimu ambalo huenda likawa la manufaa kwa fundi yeyote. Ukitaka kupima kama kiwambo chako kimezungushwa au kimeakisiwa, usijaribu kwa neno UTU wala AMA. Kwa herufi kubwa maneno hayo husomeka yale yale katika kioo. Andika JOTO, na J itakuambia ukweli. Na mwenye kutumia tarakimu za vijiti saba, zile za mashine za bei nafuu, akumbuke kwamba 59 ikipinduliwa husomeka 65, zote mbili zikiwa nambari zinazoaminika kwa unyevu wa mashine ya mayai. Mama anayeambiwa adumishe 65 katika siku tatu za mwisho ataiona 65, atatosheka, na vifaranga watakauka ndani ya gamba.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha za programu zimejaa maneno ya Kiingereza, na miongozo yote ni ya Kiingereza, kwa hivyo kumfundisha kijana kwa Kiswahili ni kumfungia nje ya ulimwengu. Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaki kuibeza. Kijana wa Makongeni anapaswa kujua Kiingereza cha kutosha kusoma mwongozo, kama mhandisi wa Ujerumani au wa Korea anavyojua. Lakini Mjerumani hakufundishwa kwanza kwa Kiingereza. Alifundishwa kwa Kijerumani, akaelewa, kisha akafungua mwongozo akikijua tayari anachokitafuta. Ama kuhusu kidhibiti chenyewe, hakijui Kiingereza wala Kichina. Kinajua 54, na baada yake kinangoja baiti moja. Maneno yaliyo katika programu ni vibandiko tulivyoviweka kwa ajili yetu wenyewe, na hufutwa yote kabla ya amri kukifikia kiwambo.

Wengine watasema, na hawa wananikera zaidi, kwamba maneno ya vibandani ni Sheng na hayafai kuingia vitabuni. Nimewasikiliza vijana hao kwa makini. Kulaza si Sheng. Kupindua si Sheng. "Inasoma nyuma" ni Kiswahili safi ambacho bibi yangu angekielewa.

Nchi hii inataka kuunda vyombo vyake. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River kwa shangwe kubwa, na sina neno dhidi yake. Lakini kuunganisha vipande vilivyotoka kwingine si sawa na kuamua kiwambo kikae vipi na kiseme nini, jambo ambalo vijana wa vibanda vya Makongeni wanalifanya tayari bila shangwe yoyote. Wanachohitaji kutoka kwetu ni kidogo mno. Wanahitaji kijitabu cha kurasa chache kinachoeleza kidhibiti kimoja kwa Kiswahili, pamoja na michoro, na kinachotumia vitenzi vyao wenyewe. Wanahitaji ruhusa ya kuueleza mradi wao kwa Kiswahili mbele ya mtahini, naye aulize maswali kwa lugha hiyo hiyo. Taasisi za ufundi za Thika ziko karibu sana na vibanda hivyo, na hakuna sheria ninayoijua inayowakataza walimu wake kujaribu hilo muhula ujao.

Kuhusu kijitabu, idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili ambao kila mwaka hutujia wakilalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha. Wapelekwe Makongeni na madaftari yao. Matatu za barabara ya Garissa zapita hapo tangu alfajiri.